Freddie Mercury Hakuzaliwa Nyota

Farrokh Bulsara, aliyekuja kujulikana duniani kwa jina la Freddie Mercury, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarat, na baba yake alikuwa keshia katika mahakama ya serikali ya kikoloni. Kila atajwapo, husemwa kwamba alikuwa na kipaji cha kuzaliwa: alikuja duniani na sauti yake, ikabaki kazi ya dunia kumgundua. Imani hiyo ni tamu masikioni, ila maisha yake yenyewe yanaikanusha hatua kwa hatua.

Akiwa na umri wa miaka minane hivi, alipelekwa shule ya bweni ya St Peter's huko Panchgani, mji wa milimani magharibi mwa India. Hapo alifundishwa piano na kufanya mitihani hadi daraja la nne, nadharia na vitendo. Ni kweli sikio lake lilikuwa jepesi. Waliosoma naye walisimulia jinsi alivyoweza kusikia wimbo redioni kisha akaupiga. Watetezi wa kipaji hushikilia hapo hapo, wakasahau kwamba sikio hilo lilikuta piano, mwalimu na ratiba ya mazoezi. Isitoshe, katika bendi ya shule, The Hectics, yeye alipiga piano tu, na aliyeimba mbele alikuwa mwenzake. Kama sauti ile ilikuwa imekwisha kamilika tangu utotoni, basi shule nzima ilikuwa kiziwi.

Alirudi Unguja mwaka 1963. Mapinduzi ya Januari 1964 yalipotokea, familia ilikimbilia Uingereza na kukaa Feltham, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Huko alisomea sanaa ya michoro katika chuo cha Ealing na kupata stashahada mwaka 1969. Alibeba mizigo ya abiria uwanjani, na pamoja na Roger Taylor akauza nguo kuukuu katika soko la Kensington. Aliimba katika Ibex na Sour Milk Sea, na bendi zote mbili zikafa. Taylor, aliyekuja kuwa mpiga ngoma wake, aliifananisha sauti yake ya siku zile na ya kondoo mwenye nguvu. Hayo ni maneno ya rafiki aliyeishi na kufanya naye kazi.

Mwaka 1970 Mercury, Taylor na mpiga gitaa Brian May walianzisha Queen, na John Deacon akajiunga mwaka uliofuata. Albamu yao ya kwanza ilirekodiwa katika studio za Trident kwa saa za viporo, yaani pale wateja wenye fedha walipokuwa wameondoka, mara nyingi usiku wa manane. Ilitoka Julai 1973, na wimbo wake wa kwanza haukuingia hata kwenye chati. Umaarufu mkubwa ulikuja mwaka 1974 kwa wimbo wa Killer Queen, miaka minne tangu bendi ianze.

Ushahidi mzito zaidi ni Bohemian Rhapsody ya mwaka 1975. Sehemu ya opera peke yake ilichukua takriban wiki tatu. Mercury, May na Taylor waliimba kwa muda wa saa 10 hadi 12 kila siku, wakirundika sauti zao tabaka juu ya tabaka hadi watu watatu wakasikika kama kwaya nzima. Utepe ulipitishwa kwenye mashine mara nyingi mno hata utando wake ukachubuka, na ulipoinuliwa kwenye mwanga ukaonekana upande wa pili. Anayeuita wimbo huo muujiza wa kipaji anawadhulumu waliouhangaikia.

Ndivyo ilivyo pia kwa tamasha la Live Aid, tarehe 13 Julai 1985. Zile dakika 20 hivi za Wembley husimuliwa kana kwamba Mercury alipanda jukwaani akashukiwa na roho. Queen walikuwa wametoka kwenye ziara ndefu miezi michache tu kabla, kisha wakakodi ukumbi wa Shaw Theatre, London, kupanga na kurudia nyimbo zao hadi zikatosha muda waliopewa. Umati ulionyoosha mikono siku ile uliona matunda ya mazoezi hayo.

Wapo wanaotaja meno yake manne ya ziada kuwa siri ya sauti yake. Mercury mwenyewe aliogopa kuyang'oa asije akaiharibu. Lakini meno hayo alikuwa nayo Panchgani, na alikuwa nayo alipofananishwa na kondoo. Kilichobadilika katikati ni miaka ya kuimba. Hata UKIMWI ulipokuwa ukimmaliza, aliendelea kurekodi Montreux, Uswisi, hadi Mei 1991. Alifariki tarehe 24 Novemba mwaka huo.

Imani ya kipaji cha kuzaliwa ina gharama. Humfanya mzazi aone ada ya muziki ni fedha ya kutupa, maana mwenye nacho atatoka tu na asiye nacho hafundishiki. Mwaka 2019 lilifunguliwa Shangani, Mji Mkongwe, jumba la makumbusho la Freddie Mercury. Mwaka huo huo, katika mji huo huo, Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kinachofundisha vijana tangu 2002, kilitangaza kwamba kilikuwa hatarini kufungwa kwa kukosa fedha. Anayetaka Zanzibar itoe Mercury mwingine na aanze kwa kulipa mishahara ya walimu wa chuo hicho.