Sultani wa Zawadi na Magari ya Kigali

Nikiri kwanza: mimi ni mlevi wa Formula 1. Hapa Kilwa Masoko ulevi huu ni wa upweke, maana hakuna banda la mpira litakalozima mechi ya Simba ili mtu mmoja atazame magari yakizunguka. Natazama kwenye simu. Msimu wa 2025 ulianza Australia, Hamilton akiwa ndani ya Ferrari, nami niliusubiri kama watoto wanavyoisubiri Idi.

Ninachosubiri zaidi ni mbio za Afrika. Za mwisho zilikuwa Kyalami, 1993. Kwa hiyo Desemba 2024, Rais Kagame alipotangaza mbele ya mkutano mkuu wa FIA kwamba Rwanda inaomba kuandaa, nilishangilia hadi majirani wakauliza kulikoni.

Januari 2025 Goma ikaangukia mikononi mwa M23. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walishaandika mwaka 2024 kuwa askari wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 walikuwa huko. Kigali inakanusha kuwaunga mkono waasi. Wanajeshi wetu wawili wamekufa. Afrika Kusini, inayozitaka mbio hizohizo, imezika 14. Februari 2025 Waziri wa Mambo ya Nje wa Kongo, Thérèse Kayikwamba Wagner, akaiandikia Formula 1 iachane na mazungumzo na Rwanda.

Mashabiki wenzangu wanajibu: eti tusichanganye michezo na siasa. Jamani! Aliyetangaza ombi ni rais wa nchi, si fundi gereji. Wengine wanasema Wazungu wanafiki: Bahrain walikimbia 2012 watu wakiwa barabarani wanaandamana, na Jeddah 2022 ghala la mafuta lilipigwa kombora Ijumaa, Jumapili magari yakanguruma. Kweli tupu. Ila unafiki wao haumrudishii mtu wa Goma nyumba yake. Halafu mwaka huohuo wa 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, mkataba wa mbio za Urusi ulivunjwa ndani ya siku kumi. Kumbe inawezekana.

Nyie wapenda vitabu mnamjua Ibn Battuta. Alifika Kisiwani, hapo ng'ambo ninapopaona nikiandika, mwaka 1331. Sisi Wakilwa tunapenda kumtaja: alisema mji wetu ulikuwa miongoni mwa miji mizuri kuliko yote. Kila mgeni wa magofu anasimuliwa hivyo. Anasimuliwa pia kuhusu Sultani al-Hasan, aliyeitwa Abu al-Mawahib, yaani baba wa zawadi, kwa jinsi alivyokuwa akigawa.

Tunachoruka ni kwamba msafiri huyohuyo anaeleza zawadi zilitoka wapi. Sultani alikuwa akivamia nchi za watu wa bara na kurudi na ngawira. Battuta hakuficha. Aliyaandika yote mawili pamoja, kwa utulivu wa mgeni aliyekula akashiba. Mateka hawana jina wala sentensi yao katika safari ile, na miaka karibu 700 baadaye tunakariri uzuri wa mji tu.

Sasa hebu niambieni, mtangazaji atakayesimama Kigali akisifu vilima na barabara safi atakuwa tofauti gani na Battuta? Yeye hata huo mstari wa pili hatausema.

Za Australia nitatazama, bando likiruhusu. Za Kigali, zikija kabla watu wa Goma hawajarudi makwao, sitatazama. Na itaniuma, maana nimezisubiri tangu 1993.