Kufomati Si Kutengeneza

Ndugu, jamaa na marafiki mlioko nyumbani, nawaandikia kutoka huku kwenye baridi ya Uingereza. Leo nina jambo linalonikera siku nyingi, naomba mnivumilie nilitoe: hii tabia ya kila kompyuta iliyogoma kuwaka kupelekwa kwa fundi, naye akiitazama dakika mbili anatamka neno moja tu, "Tufomati."

Jamani, kufomati si kutengeneza. Ni sawa na ufunguo kukatikia kwenye kitasa, ukaita fundi, akabomoa nyumba nzima ili akujengee nyingine. Utaingia ndani, sawa, lakini vyombo vyako viko wapi?

Binamu yangu ana duka. Kompyuta yake ya Windows XP iligoma, ikawa inaandika tu kwamba NTLDR haipo. Fundi akafomati, akairudisha inawaka vizuri kabisa. Hesabu za madeni za miaka mitatu zikaenda na maji. Waliokopa walifurahi sana.

Sasa tuangalie tatizo lilikuwa nini. Kompyuta ya enzi ile ikiwashwa, inasoma kwanza kipande kidogo cha mwanzo wa hadidiski, baiti 512 tu. Hapo ndipo inapoonyeshwa njia ya kuifikia Windows, na faili la NTLDR ndilo linaloipakia. Kimojawapo kikiharibika, mashine haiwaki. Wakati mwingine hakuna hata kilichoharibika, ni flopi tu imesahauliwa ndani! Lakini picha, barua na hesabu zako mara nyingi zimo mle mle, hazijaguswa. Kilichoharibika ni mlango, si nyumba.

Ndiyo maana waliotunga mifumo hii walitupa diski za dharura. Windows 98 ilikuwa na flopi yake ya kuwashia, ya MB 1.44. Windows NT na Windows 2000 zilikuwa na flopi ya dharura ambayo kila mashine ilitengenezewa ya kwake, na ya jirani haikufaa kwa sababu ilibeba taarifa za mashine moja. Windows XP dawa ilikuwa kwenye CD yake: unaiwasha kompyuta kwa CD, unabonyeza R, unaandika nywila ya msimamizi, kisha unatoa amri. FIXMBR na FIXBOOT zinarekebisha mwanzo wa diski, CHKDSK /R inakagua sehemu mbovu, na NTLDR iliyopotea inanakiliwa kutoka kwenye CD hiyo hiyo. Hakuna kufuta kitu.

Mtasema XP ni mambo ya kale. Ni kweli. Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 ikafuata tarehe 14 Januari 2020, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ikakoma tarehe 14 Oktoba 2025. Siwaambii muingie nayo XP kwenye intaneti, huko ni kuwaachia wezi mlango wazi. Ila mfumo kuzeeka hakuzifanyi picha za marehemu babu kuwa takataka. Itengenezeni mashine mtoe mali yenu kwanza, mengine yafuate.

Na siwalaumu mafundi peke yao. Fundi analipwa kompyuta iwake, halipwi picha zibaki. Mteja anataka iwe tayari leo, tena kwa bei ya chini. Basi tukubaliane naye bei ya kunakili kwanza, maana ni kazi. Pia kuna wakati kufomati ni lazima, kwa mfano virusi vikishatapakaa kila mahali. Na hadidiski ikianza kugonga ka-ka-ka, hata CHKDSK msiiendeshe, itaichosha zaidi. Nakilini kinachonakilika, haraka.

Lawama nyingine naileta kwetu sisi wa huku. Tunanunua kompyuta iliyotumika, tunaitia kwenye kontena, tunasubiri kushukuriwa. Diski ya dharura iko wapi? Watengenezaji wengi waliacha kutoa CD, wakaficha dawa kwenye hadidiski ile ile ya mashine. Hadidiski ikifa, dawa inakufa nayo. Na mara nyingi dawa yenyewe inarudisha mashine ilivyotoka kiwandani, yaani ni kufomati kwa jina la heshima.

Kwa hiyo wenzangu wa huku, kabla ya kufunga boksi, tengenezeni diski ya dharura. Kwa Windows 10 au 11 inatosha flashi tupu ya GB 16, maana kilichokuwamo kitafutwa. Iandikeni jina, ifungeni pamoja na mashine. Kama hadidiski imefungwa kwa BitLocker, andikeni kwenye karatasi ule ufunguo wake wa tarakimu 48. Bila huo, hata fundi bingwa hatoi kitu.

Nanyi wa nyumbani, mtaa mzima ukiwa na flashi moja ya Linux mnatosheka. Mjerumani Klaus Knopper alitoa Knoppix mwaka 2000, mfumo mzima unaoendeshwa kutoka kwenye CD bila kusimikwa kwenye hadidiski. Siku hizi Ubuntu na nyingine nyingi zinafanya vivyo hivyo kwa flashi, bure. Unaiwasha kompyuta iliyogoma, unachagua kujaribu, si kusimika, unafungua hadidiski, unahamisha mafaili yako. Kijana yeyote wa sekondari anaweza kufundishwa jioni moja.

Fundi akisema "tufomati", msigombane naye. Muulizeni tu: umeshanakili? Akisema bado, chukueni kompyuta yenu, mkatafute flashi kwanza.