Nairobi Si Mtoto wa Garimoshi

Wako watu wasemao kwamba Nairobi ni jiji lisilo na historia. Kwamba lilizaliwa na garimoshi mwaka 1899, na atakaye mambo ya kale na aende Lamu au Mombasa. Kauli hii ni nyepesi kutamkwa, lakini ni nzito kwa madhara yake.

Kwanza, reli ilipofika ilikuta jina. Wamaasai walikwisha kupaita mahali hapa kwa maji yake ya baridi. Mgeni aliyemkuta mtoto na jina lake hawezi kujiita baba.

Pili, utazame mtaa wa Kariokor. Maelfu ya watu huingia sokoni pale kununua vyondo wasiulize asili ya jina hilo. Limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Waafrika walibebeshwa mizigo ya vita visivyokuwa vyao, wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi. Kibera nayo husemwa kwa umaskini wake tu. Kumbe jina lake ni la Kinubi, na maana yake ni msitu. Askari Wanubi na jamaa zao walikaa humo tangu miaka ya mwanzo ya jiji.

Tatu, tarehe 16 Machi 1922, umati ulisimama mbele ya kituo cha polisi ukitaka Harry Thuku afunguliwe. Wanaume waliposita, Mary Muthoni Nyanjiru aliwakemea, akasonga mbele, akauawa kwa risasi. Ni wanafunzi wangapi walijuao jina lake?

Watasema hayo ni mambo madogo. Je, ni madogo kwa nani? Kijiji cha Pangani kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wakaaji wake wakahamishwa, kana kwamba hawakuwa na kumbukumbu pale. Mahali panaposemwa kuwa hapana historia huonekana hapana mwenyewe, na pasipo mwenyewe ni rahisi kuvunjwa.

Basi, enyi vijana, msikubali kuitwa wapangaji katika jiji la wazee wenu. Waulizeni wazee wa mitaa yenu, myaandike majibu yao. Mwacha asili ni mtumwa, hata akiwa anakaa ghorofani.