Tunataka Kikande Akiwa Kazini

Picha zinazotufikia kutoka pwani ya kusini, kuanzia Waa na Tiwi hadi Kisite, nyingi ni nzuri na karibu zote zinafanana: samaki wa rangi, ubavu mzima, maji ya samawati nyuma yake. Kitatange ndiye anayependwa zaidi. Safari hii tumemweka kando, nafasi tukampa kikande, yule wa mistari ya chungwa iliyopinda juu ya mwili wa kijani kizito.

Hatukumchagua kwa urembo tu. Kikande huyu hula vile vidubwana vyeusi vya miiba ambavyo kila anayetembea mwambani maji yakitoka huvikwepa. Utafiti ulioanza miaka ya 1980 katika miamba ya Kenya, Tim McClanahan akiwa mmoja wa waliouongoza, ulionyesha kwamba kikande akivuliwa kupita kiasi, vidubwana huzaana na kuuguguna mwamba hadi matumbawe yakashindwa kujijenga. Na akishatoweka harudi upesi, hata uvuvi ukipigwa marufuku.

Basi picha tunayoitaka ni ya kikande akivunja ganda, miiba ikitapakaa, vijisamaki vikigombea makombo. Haipatikani kwa kumfukuza. Ukimkimbiza ataingia shimoni, ausimamishe mwiba wake wa mgongoni na kuukaza, hatoki; nawe utabaki ukivunja matumbawe kwa mapezi yako. Elea bila kugusa kitu, karibu na anapokula, usubiri.

Halafu mwanga. Maji humeza wekundu kwanza, kisha rangi ya chungwa, kwa hiyo bila flashi ile mistari hufifia ikawa kama kutu. Msogelee, na flashi uiweke pembeni ya kamera. Ukiielekeza moja kwa moja, kila chembe ya mchanga itang'aa. Chagua kaskazi, tena maji mafu. Bamvua ya kusi ni tope tupu. Na ujihadhari na binamu yake, kikande wa aina kubwa zaidi, anapolinda mayai: anauma kweli. Ondoka kwa ubavu, usipande juu, maana eneo analolilinda hupanuka kuelekea juu.

Kuna atakayesema kikande ni kitoweo. Ni kweli, na hatuandiki kuwanyang'anya watu wa Waa riziki. Malema yenye mwanya wa kutorokea yameshajaribiwa pwani yetu, na samaki wachanga na wembamba kama kitatange huponyoka. Kikande mpevu ni mnene, hapiti. Lakini lema likiinuliwa kwenye maji mafupi mara nyingi bado yu hai, na hapo mwenye lema ndiye mwamuzi. Kwa hiyo aliye na picha hiyo tunamwomba aibandike kwanza kwenye banda la wavuvi; hoteli za Diani zina picha za kutosha.