Mama, Gari Nalo Hupata Homa

Akina mama wapendwa, mwezi huu tunaomba tutoke jikoni kidogo, twende gereji. Wengi wetu ndio tunaowapeleka watoto shule na wagonjwa hospitali, lakini boneti ikifunguliwa tunageuza uso na kusema, "Hayo ni ya baba." Sisi nasi tulikuwa hivyo, mpaka gari letu lilipochemsha kwenye foleni ya Ubungo, watoto watatu wakiwa kiti cha nyuma.

Kilichotushangaza ni kwamba kutoka Kibaha lilikuja vizuri kabisa. Mbona lichemshe likiwa limesimama? Tumejifunza kwamba gari likikimbia, upepo wa barabarani hupoza maji yaliyo ndani ya rejeta. Likisimama, upepo huo haupo, na feni ya umeme ndiyo hufanya kazi. Yetu haikuzunguka.

Fundi wa kwanza alitaka kuiunga feni moja kwa moja, izunguke muda wote gari likiwa limewashwa. Bei ilikuwa ndogo, nasi tukakaribia kukubali. Fundi wa pili akatuuliza, "Mama, mtoto akiwa na homa, unampima kwanza au unammwagia maji tu?" Tukanyamaza.

Akatueleza kwamba magari mengi ya zamani yana vipima joto viwili. Kimoja hukaa kwenye injini, karibu na thamostati, nacho ndicho huendesha mshale wa dashibodi. Cha pili ni swichi ya feni, ambayo mara nyingi hufungwa kwenye rejeta. Maji yakifika nyuzi 95 hivi, swichi huiamuru rilei, nayo rilei huipa feni umeme. Joto likishuka nyuzi chache, feni huzima. Magari ya karibuni hutumia sensa inayopeleka habari kwenye kompyuta ya injini, na kompyuta ndiyo huamua.

Sensa hizi ni lazima zizame ndani ya maji. Kipimajoto kisichogusa kwapa la mtoto hakisemi kweli, na sensa ni hivyo hivyo. Maji yakipungua, hubaki kwenye hewa au mvuke, na mshale unaweza kushuka huku injini inaungua. Kwa hiyo mshale ukipanda kisha ukaanguka ghafla, usishangilie. Egesha gari.

Kwetu sisi, waya wa swichi ulikuwa umeota kutu. Ulisafishwa, ukafungwa vizuri, basi. Tungeiunga feni moja kwa moja, mota yake ingechakaa mapema, na ubovu wenyewe ungebaki pale pale. Na tungeendelea kuendesha siku ile, huenda tungeunguza gasketi na kupinda silinda hedi, na ada ya shule ingeishia gereji.

Basi, mama, shika haya machache. Asubuhi, gari likiwa limepoa, tazama maji kwenye chupa ya akiba. Washa kiyoyozi gari likiwa limesimama. Katika magari mengi feni inapaswa kuzunguka. Isipozunguka, mwambie fundi aangalie fyuzi, rilei, waya na sensa kabla ya kuunga chochote.

Mshale ukipanda, zima kiyoyozi, washa hita ya ndani, tafuta mahali salama, simama na uzime injini. Usifungue kifuniko cha rejeta kingali cha moto, maana maji yale yamebanwa na yatakurukia usoni. Wala usiimwagie injini ya moto maji baridi. Watoto wakae mbali na boneti: feni inaweza kuanza kuzunguka hata injini ikiwa imezimwa, na kidole kidogo hakina muda wa kukimbia.

Jioni ya leo, kabla ya kuandaa chakula, mwombe baba mfungue boneti pamoja, akuonyeshe rejeta na feni. Kama naye hajui, mtajifunza wote wawili. Tukutane mwezi ujao.