Nani kasema mlima si wetu?

Eti kupanda mlima ni mambo ya wazungu na watu wa bara. Nishachoka kuisikia hii hapa Kuze, tena kwa vijana wenzangu waliokaa barazani tangu alasiri.

Haya sikizeni. Mlima Kenya, njia ya Chogoria: wapita Ziwa Ellis, wapanda mpaka ukingo wa bonde la Gorges, ukitazama chini waona Ziwa Michaelson. Maji yake yashuka Mto Nithi, yaingia Tana, yaja kumwagika baharini Kipini. Kipini ni Pwani, ama?

Na wale samaki wa vijitoni, trauti? Wa kwanza Kenya waliletwa kutoka Scotland mwaka 1905. Samaki mgeni kazoea, wewe mwenye kitambulisho waambiwa si kwenu.

Baridi ipo wallahi. Lenana ni mita 4,985, ukipanda mbio kichwa chauma. Pesa pia: kiingilio, mwongozaji, koti. Basi semeni pesa, tuchange. Lakini dada wa buibui akisema yuwataka kwenda, mwamcheka kwa nini?

Mimi mchango naanza wiki hii. Nani yumo?