Mahari ya Mizinga

Tumelifungua toleo hili kwa habari za Wayaaku, watu wachache wa msitu wa Mukogodo huko Laikipia, kaskazini ya Mlima Kenya, kwa kuwa kisa chao kinaikadhibisha dhana iliyoenea miongoni mwetu, ya kwamba lugha hufa kwa sababu wenyewe wameionea haya. Haya ilikuwapo, wala hatuikanushi, maana jirani zao Wamasai waliwaita Iltorobo, yaani mafukara wasio na ng'ombe. Lakini kilichoiua lugha yao ni mahari.

Wazee wao wa zamani walikaa mapangoni, wakawinda na kurina asali, na kijana aliyetaka kuoa alipeleka mizinga ya nyuki kwa wakwe zake. Kisha serikali ya Kiingereza, baada ya kuwahamisha Wamasai wa Laikipia kwa mkataba wa 1911 ili walowezi waipate ardhi ile, ikayasukuma hadi Mukogodo makundi madogo ya wafugaji wasemao Kimasai. Wageni hawa walipoposa, walitoa mifugo. Na baba mwenye binti, baada ya kuupokea utajiri huo mpya, hakuridhika tena na mzinga. Hapo kijana wa Kiyaaku akalazimika kufuga au kukaa kapera, na aliyefuga akaoa aghalabu mke wa Kimasai, na watoto wakanyonya maziwa na maneno kwa mama huyo huyo. Katika miaka ya 1920 na 1930, muda usiozidi umri wa kijana mmoja, Kimasai kikatamalaki nyumbani. Mtaalamu Bernd Heine alipoiandika lugha hii, ambayo ni ya jamii ya Kikushi, waliobaki wakiijua walikuwa wazee. Na atlasi ya UNESCO ya 2010 imeihesabu kuwa imekwisha kufa.

Sisi wenye Kiswahili, lugha ambayo leo inafanya kwa jirani zake wengi kazi ile ile iliyofanywa na Kimasai kule msituni, tuna dhima katika jambo hili. Vijana wa Kiyaaku wanaojitahidi kuokota maneno ya wazee wao wanastahili kamusi, naam, lakini maneno ya asali hayakai kitabuni peke yake. Twawasihi wenye mamlaka wawaachie Wayaaku msitu wao, miti isimame, na mizinga itundikwe.